Mkono wa Idi kwa Bi Tatu

Leo nimeumbuka. Nawaandikia ninyi wawili, Salumu na Kondo, mlioko huko Kibaha, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine akaongeza chumvi. Naandika polepole kama mnavyojua (mwalimu alikuwa akiniacha darasani na kalamu yangu), kwa hiyo barua nimeianza baada ya adhuhuri na sasa jua linapungua.

Mnajua nimeanza kushona hapa Chole. Cherehani ni ya mjomba, kibaraza ni cha mjomba, yangu ni macho na vidole tu. Hii ndiyo Idi yangu ya kwanza nikiwa fundi. Nina wateja tisa, na wanane kati yao wameletwa na mmoja: Bi Tatu, mke wa mwalimu wa madrasa. Bi Tatu akikusifu, wanawake wanaleta vitambaa. Akinyamaza, unarudi kulima mihogo.

Nikataka kuwashukuru wateja wangu. Kusema mbele za watu siwezi (hata salamu huwa naimeza nusu). Nikaona bora niwape mkono wa Idi kimyakimya. Nitashona vifuko vyenye uzi wa kukazia mdomoni, watoto wao watie peremende na visheti wanapozunguka nyumba kwa nyumba.

Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu.

Bi Tatu aliniletea kitambaa cha zambarau chenye maua ya njano makubwa kama visahani. Mumewe alikinunua Dar es Salaam, na hapa hakuna cha pili. Alitaka gauni la mikono mirefu, ifike kwenye kifundo cha mkono kabisa. Nikapima. Nikakata. Nikakata mikono yote miwili ya kushoto! (Ndiyo, miwili. Ukisahau kugeuza kitambaa ndivyo inavyokuwa.) Kilichobaki hakikutosha mkono mrefu wa kulia, basi nikashona mikono mifupi. Alipokuja kulichukua nilitaka kusema nimekosea. Badala yake nikausikia mdomo wangu ukisema, "Kitambaa kilipunguka, Bi Tatu."

"Si kosa lako, mwanangu," akasema. "Ni la huyo mwenye duka, kampunja mume wangu."

Ule mkono ulioharibika ukabaki kapuni. Kitambaa kizuri vile, kukitupa si dhambi? Nikatoa humo vifuko vitano. (Akili nyingi huondoa maarifa.) Jana nikavigawa kwa wateja wenye watoto. Bi Tatu hana mtoto mdogo, kwa hiyo yeye nikamshonea foronya nyeupe ya kitambaa cha marekani, na leo baada ya sala ya Idi nikampelekea mwenyewe.

Nilimkuta barazani na wateja wangu wengine wawili, Mama Hamisi na Bi Zena. Amevaa lile gauni, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, fundi wangu! Kaa, ule kitumbua." Akaikunjua foronya, akawaonyesha wenzake. "Mnamwona kijana mwenye adabu? Mafundi wengine wanatuibia vitambaa mchana kweupe. Huyu kilipompungukia alinitazama machoni, akaniambia."

(Sikumtazama machoni. Nilitazama cherehani.)

Nikatia kitumbua kizima mdomoni ili nisijibu. Hapo hapo watoto wakafika barazani wakipiga kelele.

"Bibi, mkono wa Idi! Bibi, mkono wa Idi!"

Watoto watano. Vifuko vitano. Maua ya njano juu kabisa, vimeinuliwa ili vijazwe.

Bi Tatu alikuwa ameshika sahani ya visheti. Akaiweka chini. Akatazama vifuko, akatazama gauni lake. Mama Hamisi akanitazama mimi. Mimi nikatafuna.

"Hebu leteni hapa," Bi Tatu akasema.

Akanyoosha mkono wake juu ya mkeka, akavipanga vifuko kimoja kimoja, kuanzia pale mkono wa gauni ulipoishia. Vikafika kwenye kiganja. Kimoja kikabaki!

"Yaani mkono wa Idi mnautaka kwangu," akawaambia watoto, "na mkono wangu mmeubeba ninyi!"

Bi Zena akajifunika kanga usoni. Mabega yakawa yanatikisika. Bi Tatu hakucheka.

"Nani kawapa?"

"Fundi!" Wote watano, kwa vidole vyenye sukari.

"Fundi, kitambaa changu kilipunguka au kilipunguzwa?"

Nikameza kitumbua. Nikaona mihogo ya mjomba imepangana mistari inanisubiri.

"Nimekosea, Bi Tatu," nikasema. "Nilikata mikono miwili ya kushoto."

"Sisikii."

"Nilikata mikono miwili ya kushoto."

"Mama Hamisi naye hajasikia, masikio yake mazito." (Si kweli. Yule anasikia hata sindano ikianguka.)

"MIKONO MIWILI YA KUSHOTO!"

Ndugu zangu, sauti ile sijui ilitoka wapi. Wazee waliokuwa wakipita njiani wakitoka msikitini wakasimama. Mmoja akauliza, "Nani kazaliwa hivyo, jamani?"

Hapo Bi Tatu akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akavijaza vifuko visheti, akawarudishia watoto, maana wawili walikuwa wameshaanza kulia. Kisha akajifuta machozi, akanigeukia.

"Gauni lijalo utalikata mbele yangu. Nitakuja na mkeka wangu."

"Na mimi," akasema Mama Hamisi.

"Na mimi," akasema Bi Zena. "Nitaleta na kahawa."

Basi wateja wangu wote tisa bado ninao, ila sasa watatu wamekuwa wasimamizi. Neno "nimekosea" ni dogo sana, ndugu zangu, lakini usipolisema kwa sauti ndogo siku yake, utalisema kwa kelele siku ya Idi.