Pakiti ya Tatu, Safu ya Pili

Ijumaa, 8 Februari 1985

Baridi ya kukata masikio. Habari mbaya kuliko baridi: Verla anahama!

Nimemkuta dukani, kwenye foleni ya maziwa. Nikamsalimu, nikajifanya nami nimefuata maziwa. (Nyumbani ninazo chupa tatu.) Kanieleza bila hata kupunguza sauti kwamba amepata mnunuzi wa nyumba, na Jumamosi ijayo saa nne asubuhi binti yake anakuja na gari kumchukua, wakaishi wote Arizona. Kule hakuna theluji. Magoti yake yamechoka. Halafu daktari kamkataza sukari, kamwambia atembee sana, na hapa Ohio atatembea wapi miezi hii.

Nikamwambia Arizona kuna nyoka. Kacheka. Kasema, Orrin wewe, hubadiliki.

Wiki moja! Miaka thelathini na mitatu nimemsubiri mwanamke huyu, mitatu kati ya hiyo akiwa mjane ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha, sasa nimebakiziwa wiki moja.

Niandike hapa yaliyopita, maana nikifa hakuna atakayejua. Krismasi ya 1951. Mimi ndiye niliyekuwa napamba dirisha la duka la dawa, barabara kuu. Verla aliuza glavu duka la pili. Kampuni za sigara zilituletea katoni za Krismasi zenye joho jekundu la karatasi na utepe wa kuchorwa, na nyuma mistari miwili: KWA na KUTOKA. Unaandika jina, basi, zawadi tayari. Na tangazo lake! Binti mwenye sweta nyekundu, kaikumbatia katoni kifuani, macho yamelegea, na chini maneno: "Alijua ninachotaka." Nikaamini. Nani asingeamini?

Nikanunua pete. Jiwe dogo la kijani, mshahara wa miezi miwili. Nikafungua katoni kwa wembe, nikaisukumia pete katika pakiti ya tatu, safu ya pili. Ilikuwa inabana, nikatumia koleo, ukucha mmoja unaoshika jiwe ukapinda. Nikabandika kwa gundi. KWA: Verla. KUTOKA: Orrin. Mpango safi kabisa!

Kanishukuru vizuri sana. Kisha kimya. Mwaka mpya, kimya. Mwezi wa sita kaolewa na daktari wa meno, kahamia Columbus, hadi alipofiwa akarudi hapa. Pete yangu hakuirudisha wala hakuitaja. Nikajua nimekataliwa kistaarabu.

Lakini katika maisha kuna mara ya pili.

Jumamosi, 9 Februari

Asubuhi nzima gerejini na hazina yangu. Duka lilipofungwa mwaka 1968 walitaka kuchoma mabango yote. Nikayaokoa kwa toroli, safari nne.

Jamani, siku zile! Baba Krismasi anavuta sigara huku kakaa juu ya paa. Bwana mwenye joho la kulalia, mkewe anamwashia, na mbwa naye anaonekana kuridhika. "Mpe kiberiti, umpe na moyo." Mtungi wa tumbaku kwa baba mkwe, kasha la fedha kwa mchumba. Hata harufu bado ipo kwenye makaratasi, ile harufu tamu ya katoni mpya kabla haijawashwa. Nimenusa mpaka nikaona kizunguzungu. Daktari alinikataza kuvuta, kunusa hakutaja.

Na kuponi! Kila pakiti ilikuwa na kuponi nyuma. Ukikusanya, kampuni inakuletea saa, sufuria, mwanasesere. Elwood Pruitt, aliyekuwa tarishi wetu wa posta, alikusanya mpaka akapata taa ndefu ya sebuleni, akaitangaza mtaa mzima kama kapata ng'ombe.

Elwood huyo huyo. Nimemwona mchana huu anamsafishia Verla theluji mlangoni. Ana miaka sitini na sita, mjane, mgongo umenyooka kama rula. Kanipungia mkono, kaniuliza kwa sauti kama nami nahitaji kusafishiwa, mzee mwenzangu. Mzee mwenzangu! Nikamjibu kwamba theluji yangu naipenda ilipo.

Mtu akikuchimba si lazima ashike jembe. Huyu kashika koleo la theluji.

Jumatatu, 11 Februari

Mpango wa kwanza. Nimemtoa binti wa sweta nyekundu gerejini, yule wa bango, urefu wa mtu mzima, nikamsimamisha dirishani kwangu kuelekea kwa Verla, na taa nyuma yake. Verla atamwona, atakumbuka 1951, moyo utalainika. Sikuandika neno. Bango lenyewe linasema.

Saa tisa mchana Elwood kagonga. Kaingiza kichwa, kashusha sauti, kasema hongera, ndugu yangu, mtaa mzima umefurahi, hata ulikuwa umeanza kutuhuzunisha. Halafu kauliza mama mwenyewe anaitwa nani.

Nikatoka nje nitazame kutoka barabarani. Kweli! Kwa mbali, na pazia lile, ni mwanamke kabisa. Verla kampa Elwood aniletee mkate wa nyama, mkubwa, wa watu wawili.

Nimeula wote kwa hasira.

Jumanne, 12 Februari

Bango nimelirudisha gerejini. Mtaa sasa unaamini kwamba yule mama amenikimbia. Verla kanipigia simu, kanipa pole, kasema mapenzi ya uzeeni yana mitihani. Nikakohoa. Kisha kaniambia Alhamisi, Sikukuu ya Wapendanao, anapika chakula cha kuagana, niende, nisikae peke yangu na mawazo.

Ndani ya wiki moja nimealikwa! Nani kasema mpango wangu ulishindwa?

Mpango wa pili upo mezani mbele yangu. Kiberiti cha mezani, cha fedha, chenye umbo la birika. Mwaka 1951 kilikuwa katikati ya dirisha langu, juu ya mto wa mahameli, na kadi: "Kila atakapokiwasha atakukumbuka." Nimekisugua mpaka najiona ndani. Nimekitia mafuta, nimekijaribu.

Kinafanya kazi. Nyusi ya kushoto sina.

Elwood kaona moshi dirishani, kaja mbio na dawa ya kuungua. Kanipaka mwenyewe, taratibu, mikono yake laini kama ya muuguzi. Sijui hasira hizi nizipeleke wapi.

Alhamisi, 14 Februari

Lazima niandike.

Nilifika mapema. Suti ya kahawia, nyusi nimechora kwa penseli. Elwood alikuwa tayari jikoni, anamenya viazi! Nikampa Verla kasha langu. Kafungua, uso ukamng'aa, kasema birika zuri namna hii hajapata kuona. Kalipeleka jikoni kulitia maji. Nikalikamata njiani, nikamweleza. Kaniangalia sana. Kasema, lakini Orrin, mimi sijawahi kuvuta sigara maisha yangu yote. Moshi unanikohoza. Ulikuwa hujui?

Nikasema nilijua. Na nilijua kweli! Alikuwa anapiga chafya kila akiingia dukani kwetu. Ila binti wa tangazo hakuwa anapiga chafya, na mimi nilikuwa namtazama zaidi yule wa tangazo.

Tukala. Baada ya kuku, Elwood akasimama, kafuta mdomo, kakohoa. Kasema yeye si mtu wa maneno, lakini Verla anaondoka, na mtu akinyamaza leo atanyamaza milele. Katoa kitu mfukoni, kakiweka kwenye kitambaa cha meza.

Pete. Jiwe dogo la kijani. Ukucha mmoja umepinda.

Nilimeza maji yakapita njia isiyo yake. Elwood, bila kujua, akaendelea kusimulia kwa furaha. Pete ya marehemu mkewe. Tena ina historia yake: ilitoka kwenye pakiti ya sigara! Krismasi ya 1951, enzi zile kila nyumba ilimwachia tarishi zawadi, yeye alikuwa anarudi na mfuko mzito kuliko alioondoka nao. Mtu mmoja kampa katoni nzima. Kafungua pakiti, pete hiyo hapo! Kajua ni bahati nasibu ya kampuni, zawadi kubwa kuliko za kuponi. Hata aliwaandikia barua ya shukrani. Hawakumjibu, kasema, pengine mshindi alikuwa mmoja tu Ohio nzima na hawakutaka kelele.

Verla alikuwa ameweka uma chini. Kauliza ile katoni alipewa na nani.

Elwood kafikiri. Kasema, kwani si wewe?

Kisha Verla akanigeukia mimi, pole pole, akatazama nyusi yangu ya penseli, akasema, "Orrin. Ile katoni uliyonipa. Ulitia nini ndani?"

Nikamwambia pakiti ya tatu, safu ya pili.

Hakucheka. Nilitaka acheke. Kaniuliza kwa nini sikusema, nilikuwa na mdomo, duka lake lilikuwa hatua ishirini. Kasema yeye alisubiri neno langu mpaka mwezi wa tano. Kila nikipita dirishani kwake na kofia yangu alikuwa anasema moyoni, leo, leo atasema. Alipoona katoni ya sigara akajua hata simjui, maana ampendaye hawezi kumpa kikohozi. Kaigawa siku ileile.

Mpaka mwezi wa tano! Nimeliandika tena nilisome: mpaka mwezi wa tano.

Elwood alikuwa amekwisha kaa. Uso mwekundu hadi masikioni. Kaisukuma pete mezani mpaka mbele yangu, kasema mali ya mtu ni ya mtu, nimsamehe, mkewe aliivaa kwa heshima miaka ishirini na tisa. Nikasema hakuna neno. Nikaona aibu kwamba namchukia mtu huyu.

Mlangoni Verla alinishika mkono wa koti. Kasema gari lake ni Jumamosi saa nne. Kasema binti yake anaweza kurudi Arizona na gari tupu, si mara ya kwanza kwake kukasirika. Kasema, "Njoo kabla ya saa nne uniulize. Kwa mdomo, Orrin. Sitaki kitu mkononi mwako."

Ijumaa, 15 Februari

Sikulala. Naogopa, niseme ukweli. Miaka yote hii ukataaji wake ulikuwa umenizoea, tumekaa nao kama paka wa nyumbani. Sasa naambiwa haukuwapo.

Asubuhi nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Verla, nakuomba." Hapana. "Verla, je." Hapana. Sauti inatoka kama ya mtu anayeulizia bei ya samaki.

Elwood kapita, kasimama nje, hakuingia. Kasema niende tu, nisifikiri. Kasema, ndugu yangu, neno ni dogo, litatoka lenyewe. Kisha kaenda zake, na leo mgongo haukunyooka sana.

Mchana nikashuka gerejini kumuaga binti wa sweta nyekundu. Nikamtazama kwa muda mrefu. "Alijua ninachotaka." Hakuna kosa katika tangazo lile! Wazo lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa la sigara. Mwanamke hakohoi kwa chokoleti.

Kusema kwa mdomo hata kasuku anaweza. Yeye anasema hataki kitu mkononi mwangu, sawa, hakitakuwa mkononi mwangu. Kitakuwa mlangoni kwake.

Jumamosi, 16 Februari

Saa kumi na mbili. Tayari! Sanduku la chokoleti, jekundu, umbo la moyo, masanduku haya yamejaa madukani nusu bei baada ya sikukuu. Pete ipo chini ya chokoleti ya tatu, safu ya pili, kwa heshima ya zamani. Sikuandika jina. Atajua. Nimeliweka kwenye ngazi yake, nikarudi kwa kunyata, nipo nyuma ya pazia.

Saa mbili na nusu. Verla katoka na gauni la bluu. Kavaa vizuri mno kwa safari! Kaokota sanduku, kalitazama huku na huku, katazama barabara. Kaingia nalo. Anafungua sasa hivi, najua.

Saa tatu na nusu. Binti yake kafika. Wanapakia mizigo. Verla amesimama ukumbi wa nje, mkono juu ya macho, anatazama huku kwangu. Nimerudi nyuma hatua mbili asinione. Mshangao usiharibike.

Saa nne kasoro tano. Bado kasimama. Binti anapiga honi. Rhonda, tarishi wetu wa sasa, kapanda ngazi na barua, wamekumbatiana, wanaagana.

Saa nne na robo. Bado.

Saa nne na dakika ishirini. Gari limeondoka. Yumo.

Kimya tena! Mara ya pili, pete ileile, na kimya kilekile. Nimekaa jikoni nimelia kidogo, si sana. Mwanamke yule habadiliki.

Saa tano. Rhonda kaleta barua zangu, bili mbili na tangazo la mbegu. Kwapani kabeba sanduku jekundu la moyo. Wiki hii mji mzima umejaa masanduku hayo. Kasema kapewa njiani, na ana wanawe wanne, chokoleti hazitafika kesho. Nikamwambia ana bahati. Angalau mjini hapa kuna mtu anayejua kutoa zawadi.

Anwani ya Arizona ninayo. Krismasi nitamtumia keki ya matunda, kubwa. Maneno yangu nitayaoka ndani.