Mchungaji Aliyekwama Darajani

Kila asubuhi Mjomba Ignác alikula mkate mkavu na kipande cha mafuta ya nguruwe akiwa amesimama dirishani, akikata kwa kisu cha mfukoni, ili mtaa mzima wa Buda umwone alivyo mtu wa watu. Akimaliza, alishusha pazia, akaketi kunywa kahawa yenye malai.

Mtukufu huyu wa kuzaliwa hakuwahi kushika hata jembe la bustani. Lakini mwaka ule mabwana wa mji walikuwa wamekubaliana kwamba roho ya taifa la Wahungari imo ndani ya mkulima, na kwa kuwa mkulima mwenyewe alikuwa na kazi shambani, wao wangemwigiza jukwaani. Mjomba alisumbua watu majira yote ya baridi mpaka akapewa nafasi kubwa: mchungaji wa farasi anayekufa akilitetea taifa. Bwana Vidor, aliyeikosa, alikariri maneno yote, akawa anangoja tu mjomba augue.

Siku ya onyesho mjomba alikataa gari.

"Tutatembea, Terka," akaniambia. "Taifa linione."

Ukumbi ulikuwa Pest, ng'ambo ya mto. Tukashuka hadi daraja la mashua zilizofungwa pamoja kwa kamba, mimi na kitabu cha maneno yake, yeye na suruali pana kama mapazia, joho zito la kichungaji, na masharubu yaliyopakwa mafuta hata nzi wakawa wanateleza.

Daraja lile watukufu walipita bure, wakulima walilipa. Mtoza ushuru akanyoosha mkono.

"Lipa, mzee."

"Mimi ni mtukufu."

"Na mimi ni askofu. Lipa."

"Ukoo wangu haujawahi kulipa hapa, tangu kamba ya kwanza ifungwe."

"Kila mchungaji akilewa huwa na ukoo. Sogea, watu wapite."

Nyuma yetu foleni ilirefuka. Mama mmoja mwenye bata bukini akaingilia.

"Mwacheni baba wa watu. Nitamlipia mimi, ni mwenzetu."

Mjomba akageuka, mwekundu kama pilipili.

"Mwenzako nani? Nimelala na wewe zizi moja?"

"Haya, lala na ukoo wako," mama akasema, akalipa yake, akapita. Bata mmoja alimdonoa mjomba suruali.

Nikatoa sarafu yangu. Akanishika mkono, akaurudisha mfukoni.

Tukasimama pale, yeye akihesabu mababu zake kwa sauti, mtoza ushuru akipiga miayo, mpaka jua likazama. Mwenye gari mmoja akitoka Pest akatupa habari: Bwana Vidor alikufa vizuri ajabu, watu wakamwomba afe tena, akafa.

Mjomba akaegemea ukingo. Masharubu yakalegea.

"Mjomba," nikamwuliza, "kwa nini hukuniacha nilipe?"

"Ningelipiwa, Terka, ningekuwa mkulima kweli."