Dawa ya Bure na Mguu Wangu

Ijumaa, 2 Agosti 1957
Naandika mwenyewe, kwa penseli. Herufi zimelala lakini zasomeka. Kiti cha baraza la wilaya ki wazi. Wagombea wawili: mimi Uweso, na shemeji yangu Kombo, mtu ambaye hata kukohoa huomba ruhusa. Jambo la mwaka huu ni zahanati: itibu watu wote bure, au la? Baada ya sala nikasimama nje ya msikiti nikasema bure, kwa wote, hata mpita njia. Wenye minazi wakauliza nani atalipa. Nikasema watu wa kambi ya mkonge, ni wengi na ni wageni. Wameitika vizuri sana. Safari, muuza kahawa, akacheka peke yake. Kombo kasema bado anafikiri. Afikiri.

Jumapili, 4 Agosti
Kambini. Nimekata njia katikati ya mkonge ili niwawahi wakitoka kanisani. Mwiba ukanizama unyayoni. Sikulia. Nililia kidogo, hakuna aliyeona. Nikawaambia dawa bure kwa wote. Wakauliza nani atalipa. Wenye minazi, nikasema, wana nazi hadi za kuchezea. Makofi. Methusela, dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu, naye katoka kusali. Akaniamkia shikamoo, akautazama mguu, akasema mzee njoo kesho nikusafishe. Nikamwambia mguu wa mgombea hauumwi.

Jumatatu, 5 Agosti
Umevimba kama fenesi. Zahanati siendi, Kombo atasema mjumbe gani kiwete. Nimejipenyeza kwa Bi Mwamvua, mganga wa majani. Nusu ya mji hutibiwa kwake na neno lake hufuatwa. Ananibandika dawa huku kanuna: zahanati ikiwa bure, yeye atakula nini? Nikamwambia Bibi, mimi na dawa ya bure wapi na wapi, kila mtu na mganga wake. Akafurahi, akaongeza dawa. Ikawasha zaidi. Safari alikuwa mlangoni na birika lake. Sikumjali.

Jumatano, 7 Agosti
Msiba. Mwenye shamba kubwa la minazi kafariki, Mungu amrehemu. Wamekuja wote: wenye minazi, watu wa kambi, Bi Mwamvua. Na Safari. Yule ni Mzigua, sisi Wabondei, ni watani tangu babu. Mtani msibani humwigiza amtakaye, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe. Jamaa akavaa kanzu, akachechemea kama mimi hasa. Akahutubia upande huu: watalipa wa kambi. Akageukia upande ule: watalipa wenye minazi. Akampigia magoti Bi Mwamvua: Bibi, dawa ya bure wapi na wapi? Hata wafiwa walicheka. Kisha wote wakanitazama mimi. Desturi ni desturi. Nikacheka nami, nikamtuza kofia yangu ya kiua.

Alhamisi, 8 Agosti
Uchaguzi. Mgombea husimama, watu wakapanga mstari nyuma yake. Mstari wa Kombo ulifika sokoni. Nyuma yangu Safari peke yake, kavaa kofia yangu. Kasema kasimama hapo anione vizuri, matanga mengine yaja na ataniigiza tena. Hapo mguu ukagoma, nikaanguka. Aliyenibeba hadi zahanati ni Kombo, aibu iliyoje! Methusela akauliza: mzee, nikutibu kwa maneno ya Ijumaa, ya Jumapili au ya Jumatatu? Nikasema ya Ijumaa. Akauliza nani atalipa. Nikamwonyesha Kombo.

Jumamosi, 10 Agosti
Uvimbe unapungua. Kombo kamaliza kufikiri: atasema zahanati itibu wote bure, na wote walipe, yeye mwenyewe wa kwanza. Maneno yangu hayo, kaongeza mkia tu. Leo kwenye benchi la zahanati tulikuwa wengi. Nikawaambia wenye vidonda kwamba wao ndio watangulie. Wakaitika. Wenye homa wakanung'unika, nikahamia upande wao, nikawaambia vidonda vyaweza kungoja. Wakaitika pia. Watu wangu hawa. Safari akapita na kahawa. Nimemwambia anirudishie kofia, uchaguzi ujao nitaihitaji.