Seva Tatu kwa Kila Shina

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ukungu Tukuyu nzima. Meneja Nsajigwa katangaza kwamba kitengo cha kompyuta cha ushirika wetu wa maziwa kitapata mkuu Ijumaa. Ama mimi, ama Tusekile. Tusekile! Mtu anayesoma maelekezo mpaka mwisho! Mimi nina mpango. Seva tunazokodi mawinguni zimezagaa ovyo, na programu inayoziwasha na kuzizima yenyewe inafuata orodha iliyochakaa. Nitaipanga upya.

Jumanne, 10 Juni
Nimepata njia. Mama yangu kule Suma huacha migomba mitatu katika kila shina: mama, mtoto, mjukuu. Mingine hukata. Basi seva nazo nimezipanga hivyo kwenye orodha, kwa umri. Kisha nikaiandikia programu moduli mpya: kila shina libaki na tatu, na kongwe iliyokwisha kuzaa, yaani iliyokwisha kunakiliwa, ikatwe. Tusekile akauliza seva huzaa nini. Nikamjibu hajui kilimo. Kanuna. Raha iliyoje!

Jumatano, 11 Juni
Programu imekata alfajiri. Seva zimebaki nusu. Nimejipongeza kwa maandazi.
Saa nne, kituo cha kukusanyia maziwa cha Kiwira kikapiga simu. Mizani inapima, ila mfumo haumjui mfugaji hata mmoja. Suma vilevile. Kumbe seva kongwe ndiyo ilikuwa na majina, na hizi changa zilikuwa bado zinanyonya kwake! Maziwa yamesimama kwenye madumu. Nimesingizia ukungu.
Mama naye akapiga. Kapanga foleni tangu asubuhi, mashine inasema hayupo. Akauliza kama kompyuta hizo si ndizo zangu. Nikasema mtandao unakatakata.

Alhamisi, 12 Juni
Tusekile alikuwa na nakala. Bila shaka! Watu wa aina yake hawakosi nakala. Majina yamerudi. Maziwa ya Mama yameganda. Kasema nitakuja kuyanywa mwenyewe, akamalizia na ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, kwa kejeli. Imeniuma.

Ijumaa, 13 Juni
Mkuu ni Tusekile. Mimi nimepewa likizo ya wiki nisiyoiomba. Nimeonewa.

Jumamosi, 14 Juni
Suma. Nimekunywa mtindi mpaka basi. Mama kanipa panga nikapunguze migomba. Nikaangusha mkubwa wa kwanza, Mama akapiga yowe. Mkungu ulikuwa ndiyo kwanza unachomoza! Akanifokea kwamba mgomba haukatwi kabla mkungu haujavunwa, na kwamba mtu mzima na shule yangu yote sijui hilo.
Nimesimama na panga mkononi, moyo mweupe. Kumbe kosa langu lilikuwa hilo tu! Nikirudi kazini naanza na seva ya mishahara. Hiyo huzaa mara moja kwa mwezi. Mishahara ikishatoka, naikata.