Nyumba Isiyo na Jiko

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Namshukuru Mola kwa afya na kwa subira, ingawa hiyo ya pili imepungua tangu saa nne asubuhi. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, akanipa kiti chenye mto. Nikajua mambo si mema. Akasema, kwa heshima zote, kwamba insha za Darasa la Sita ni kavu, na kwamba Ijumaa atazisoma mwenyewe. Zikiwa kavu tena, kipindi cha insha kitakwenda kwa Mwalimu Rangi, nami nitakabidhiwa ufunguo wa stoo ya vitabu. Miaka thelathini na minane ya imla, kisha stoo.

Mwalimu Rangi ni binti wa jirani yangu. Kushika kalamu nilimfundisha mimi. Sasa anafundisha kwa michoro: duara katikati, neno ndani yake, mistari ya rangi ikitawanyika pande zote mithili ya miguu ya buibui. Anadai mtoto akiliona wazo lake, ataweza kuliandika. Nimemwombea dua.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimetenda jambo ambalo sitalitaja kwa jina lake. Boksi la chaki za rangi la Mwalimu Rangi nimelihifadhi mfukoni mwa kanzu yangu, kwa nia ya kumpumzisha.

Katika mkutano wa walimu nililikalia boksi hilo. Niliposimama na kugeuka kuongoza dua ya kufunga, ukumbi mzima ukaitikia amina kabla sijaanza.

Mwalimu Rangi alinifuata nje ya ukumbi. Akaniamkia shikamoo, kisha akanong'ona, "Maalim, hiyo ya kijani usiifulie maji ya moto. Itaganda." Hakuuliza zaidi. Ukarimu wa namna hii humchoma mtu.

Mke wangu, akifua, aliuliza kama watoto wamenipaka au nimejiunga nao. Nimeomba msamaha kwa Mola. Kwa Mwalimu Rangi bado. Si vyema kumzoesha.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimefunuliwa jambo. Wanataka michoro, nitawapa mchoro.

Nimechora nyumba kubwa juu ya shuka kwa wino mzito. Baraza ya mbele ni utangulizi. Vyumba vitatu ni aya tatu. Milango ya ndani ni maneno ya kuunganisha aya na aya. Mlango wa nyuma ni hitimisho. Fikra nzima ya mwanadamu imeenea kwenye shuka moja. Niliamini shuka lenyewe ni kuukuu. Mke wangu ameniarifu kuwa sivyo.

Alilitazama kwa muda mrefu, mikono kiunoni. "Baba watoto," akasema, "hawa wenye nyumba wanapikia wapi?"

Nilimweleza kwamba hii ni insha, na insha haili.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nililitundika shuka ubaoni. Nikatoa mada: Siku Nisiyoisahau. Nikawaambia waingie ndani ya nyumba hii, waandike. Waliandika kipindi kizima bila kunyanyua kichwa. Nilikaribia kutoa machozi.

Nimepokea insha thelathini na mbili kuhusu nyumba isiyo na jiko.

Mmoja amenishauri nimwone fundi. Mwingine anashuku kwamba wenyeji hula kwa jirani kila siku, na kwamba jirani amechoka. Kimya, yule binti ambaye tangu mwaka uanze hajavuka mistari mitatu, ameandika mmoja tu: "Hii siyo nyumba yetu." Sikumwelewa.

Mwalimu Rangi alinikuta ofisini nimejishika kichwa. Alizisoma zote. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafuta macho, akasema mchoro ni mzuri kweli. "Ila Maalim, umewapa nyumba yako. Nao wana za kwao." Akaomba nimwachie kipindi cha kesho asubuhi, kabla Mwalimu Mkuu hajaja. Nilimruhusu kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Aliwaambia kila mmoja achore nyumba ya kwao kwa penseli, aweke alama mahali aliposimama siku ile asiyoisahau, kisha atembee mlango kwa mlango akiandika alichokiona. Mimi nilikaa dawati la nyuma. Magoti yaligonga meza.

Kimya alichora jiko peke yake, likajaza ukurasa. Kisha akaandika kurasa mbili: asubuhi ambayo mama yake aliondoka kwenda kufanya kazi mbali, na baba yake akashindwa kuwasha jiko. Wakala mkate mkavu wakiwa wamesimama, kwa sababu wangekaa, kiti kimoja kingebaki kitupu.

Mwalimu Mkuu aliisoma mara mbili, akavua miwani. Nami jicho liliniwasha. Vumbi la chaki.

Akauliza mbinu hii ni ya nani. Nilifungua kinywa, lakini Mwalimu Rangi alinitangulia: "Nyumba ni ya Maalim." Kipindi cha insha kimebaki kwangu. Nilipompa mkono wa shukrani aliushika kwa mikono miwili, kama alivyofanya alipokuwa na miaka sita.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimetafakari baada ya sala ya alfajiri, na funzo la wiki hii ni bayana. Kosa lilikuwa jiko.

Kwa hiyo wiki ijayo nitachora mwili wa mtu, ambao hauna jiko. Kichwa ni utangulizi, kiwiliwili ni aya, nyayo ni hitimisho. Mke wangu aliuliza kama kila mtoto atachora mwili wake mwenyewe. Nilimjibu kwamba hapana, vurugu za nini. Nitachora wangu, wenye kanzu safi, nao wote thelathini na wawili wataingia humo.

Ameyafungia mashuka kabatini na ufunguo amejifunga nao kiunoni.

Haidhuru. Ukuta wa darasa ni mpana, na lile boksi la chaki za rangi sijalirudisha.