Ombi la Masahihisho Kuhusu Skrubu ya Nne

Mstari wa B,
Kiwanda cha Simu.

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, tuendelee.

Nakuandikia siku yangu ya mapumziko, nikiwa kitanda cha juu cha bweni la kiwanda, miguu imevimba kwa kusimama siku sita. Shule niliishia darasa la saba. Ukikuta kosa rekebisha, mradi usiirekebishe na maana.

Miezi minane iliyopita gazeti lako liliandika ukurasa wa kwanza kwamba nchi yetu, iliyokuwa ikinunua hata viberiti kutoka nje, sasa inaunda simu zake na kuziuza ng'ambo. Habari hiyo ni ya kweli na ninaifurahia. Lakini chini yake mliweka picha ya mtu mwenye ovaroli jeupe, kofia ya nywele na barakoa, ameshika bisibisi ya umeme. Mkaandika: "Mtaalamu wetu akiunda simu." Mtu huyo ni mimi. Dada yangu alinitambua kwa nyusi.

Ndugu Mhariri, mimi siundi simu. Nafunga skrubu ya nne. Simu inaletwa na ukanda ikiwa na skrubu tatu, naongeza ya kwangu kona ya chini kushoto, inaondoka zake. Skrubu ya tano ina mwenyewe na sijawahi kuingilia mambo yake. Huu ni mwaka wa tatu. Kabla ya kunifikia simu imetoka wapi, na ikiniacha inakwenda kuwaka vipi, najua kama unavyomjua mtu aliyepita dirishani kwako.

Kwa maneno yenu hayo manne nimepata madhara yafuatayo:

1. Nyumbani wameamini. Baba mkubwa amelibandika gazeti sebuleni, juu ya picha yake mwenyewe ya harusi. Tangu hapo kila dereva wa basi anayekuja huku anabebeshwa maboksi yangu. Nimepokea simu mbovu kumi na tisa, redio mbili na pasi. Pasi ilikuja na kikaratasi cha shangazi: "Mwanangu, hii kwako ni ndogo, ifanye ukiwa unapumzika."

2. Nikikana, nazidi kusifiwa. Nilimpigia baba mkubwa nikamweleza ukweli wote wa skrubu, bila kuficha hata moja. Akashusha sauti, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Mambo ya serikali hayasemwi kwenye simu." Sasa anawaambia watu kuwa licha ya utaalamu, nina kifua.

3. Kiwandani nako sina raha. Choo kikiziba, "Mwiteni Mtaalamu." Juzi nilisinzia nikiwa nimesimama, msimamizi akawaambia wenzangu, "Msimwamshe, anaunda simu."

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Simu ya mama imekufa. Ni ya kiwanda chetu hikihiki, nilimnunulia mwenyewe, ikaanguka kwenye ndoo ya kufulia. Fundi wa sokoni alijitolea kuifungua. Mama akamtimua: "Mwanangu aunde simu za dunia nzima, ya mama yake uje kuifungulia wewe juu ya meza ya vitunguu?" Jirani akamwazima ya kwake apige. Akaikataa vilevile, kwamba mama wa mtaalamu haombi simu. Akaiviringisha yake kwenye kitambaa, akanitumia.

Ipo chini ya mto wangu, huu mwezi wa saba. Niliipeleka kwa fundi wa mjini hapa. Alipoona kitambulisho cha kiwanda shingoni mwangu alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia yeye si mtoto mdogo, anajua nimetumwa kumpima. Akanirudishia.

Miezi saba, Ndugu Mhariri, sijazungumza na mama yangu. Alikuwa akinipigia kila Jumapili kuniuliza nimekula nini, nami namdanganya. Sasa sina wa kumdanganya. Nikimpigia dada, mama anakataa kuishika hata ya dada; namsikia kwa mbali akisema, "Mwambie asiharakishe. Kazi nzuri haitaki pupa."

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na unyenyekevu:

Mchapishe masahihisho ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa zilezile: "Yule mtu hajui kitu." Muweke na picha yangu nimeshika pasi ya shangazi, nikiwa na uso wa kutojua. Uso huo ninao, sitahitaji kuigiza.

Likishindikana hilo, muishauri serikali ipitishe sheria kwamba simu zote nchini ziharibikie kona ya chini kushoto. Hapo nitalihudumia taifa bila ubaguzi.

Na hilo nalo likiwa gumu, basi naomba uchumi usimame kidogo. Sisemi ufe. Usimame tu mahali ulipo, nami nihamishwe hatua moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa mstari, niijue simu yote. Hatua ziko sitini na mbili. Kwa mwendo wa miaka mitatu kila hatua, nitahitimu nikiwa na umri wa miaka mia mbili na ushei. Nchi iliyovumilia kukosa kiberiti chake haitashindwa kusubiri. Ila mama yangu ana miaka sitini na minane, hivyo naomba jambo hili lishughulikiwe mapema.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na anayefagia ofisi yako. Mpiga picha naye msalimie, lakini salamu zake zimfikie zikiwa zimepoa.

Wako kutoka kona ya chini kushoto,

Mfungaji wa Skrubu ya Nne

Nyongeza: Barua hii imekaa wiki mbili kwa sababu posta hufungwa kabla hatujatoka zamu, na Jumapili haifunguliwi. Katikati hapo, Jumapili moja bwaloni, mama mmoja wa hatua ya betri aliniona nimeishika simu ile akanigombeza, "We Mtaalamu, una mgonjwa ndani umemficha?" Akaifungua, akatoa betri, ujuzi wake ukaishia hapo. Akamwita wa kioo. Wa kioo akamwita wa spika. Kufika adhuhuri tulikuwa watu kumi na wanane kwenye meza ya bwalo, kila mmoja anajua sehemu yake na hajui ya jirani, simu inapita mkono kwa mkono. Kipande kimoja kilichoota kutu kilipatiwa mwenzake mzima. Kimetoka wapi, sikuuliza. Ikawaka.

Niliirudisha nyumbani kwa mkono wa dereva wa basi, na jana mama alinipigia. Aliniuliza nimekula nini, nikamdanganya. Akauliza nani ameitengeneza. Nikasema, "Mimi, mama." Akasema alijua, na ndiyo sababu ameshawaambia majirani walete za kwao. Nikamjibu walete.

Kwa hiyo masahihisho msichapishe. Lakini kama magazeti yale yamebaki, naomba nakala kumi na saba. Hapa kuna wataalamu wengine ambao nyumbani kwao bado hawajaarifiwa.