Malalamiko Kuhusu Bibi wa Mercia na Nyumba ya Marehemu Dada Yangu

Mkomani, Amu
Machi 1965

Bwana Mkaguzi wa Shule,

Salamu kwako, na kwa viatu vyako, ambavyo nasikia vimeanza kuzoea mchanga wetu. Nakuandikia kwa adabu zangu zote, ingawa zimebaki chache.

Mwalimu Philip, mliyemleta kutoka bara atutie mwangaza, amewafunza watoto habari za Ethelfleda, mwanamke aliyetawala Mercia huko Uingereza miaka elfu iliyopita. Mumewe alikufa, akashika nchi yeye, akajenga miji yenye kuta, akafukuza maadui. Alhamdulillahi. Tulikuwa hatupati usingizi kwa kutoijua Mercia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Dada yangu alifariki mwaka jana. Alipokuwa hai alimpa bintiye Hadia nyumba yake, mbele ya Kadhi, maana hapa Amu nyumba ni ya mwanamke, na mume huhamia kwa mkewe na sanduku lake. Mimi mjomba nilimshauri Hadia kwa upole anikabidhi nyumba niitunze, yeye akakae kwa nyanya yake. Alikuwa karibu kukubali. Ndipo akaja Ethelfleda darasani mwake.

2. Sasa ukuta wa ua umepandishwa, na mlango umetiwa komeo jipya. Juzi nimepiga hodi mpaka vidole vikavimba. Mjomba mtu nikaketi nje na punda wa jirani, na punda akafunguliwa mlango kwanza.

3. Mwalimu huyu hakimalizi kitabu. Nilipombana alikiri kwamba Ethelfleda alipokufa alimwachia bintiye utawala, na mwaka haukwisha, kakaye, Mfalme Edwadi, akamwondoa mpwa wake akatwaa nchi nzima. Huyo ndiye mjomba! Mbona darasani hatajwi?

4. Tena Edwadi alivumilia kupita kiasi. Kwa nini kaka angoje dada afe? Naomba shule zote, tangu Shela hata Kiunga, zifundishe kwamba nyumba ya mwanamke ni ya kakaye, dada awe hai au awe kaburini.

Barua hii nimeisoma barazani, na wote wameisifu. Shemeji yangu Barka aliipenda hata akaniomba niirudie pale penye namba nne.

Nisalimie walimu wote, isipokuwa mmoja unayemjua.

Ni mimi, mjomba aliyedhulumiwa,
Ridhwani

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Barka amefika na godoro lake. Nyumba hii ninayokaa alipewa mke wangu na mamake siku ya harusi, na Barka ndiye kakaye wa pekee. "Shemeji," ameniambia, "na mimi ni Edwadi." Mke wangu amecheka, kisha amekwenda kupika chai ya watu wawili. Tafadhali mtume Mwalimu Philip leo hii, aje na kitabu, asome pale penye Ethelfleda tu. Nami nimempelekea Hadia salamu, na kumwuliza ni fundi gani aliyemchongea komeo.